Mtasimamia Mfumo

Mtaalamu aliyeletwa na kampuni inayouza programu alikuwa amefika kwenye picha ya mwisho ya onyesho lake. Ukutani palionekana grafu ya gesi zilizoyeyuka ndani ya mafuta ya transfoma kubwa, na pembeni yake maandishi mekundu yaliyoagiza kwamba transfoma hiyo ichunguzwe kabla ya mwezi kwisha. Alitueleza kwamba uchambuzi ambao fundi sanifu mzoefu angekaa nao asubuhi nzima, akili unde (AI) ilikuwa imeumaliza kufumba na kufumbua, na kwamba programu hiyohiyo ingeweza kuangalia transfoma zote za mkoa usiku kucha bila kuchoka.

Nyuma ya ukumbi alikuwa amekaa binti mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Alinyoosha mkono, akasimama.

"Samahani mhandisi, naomba kuuliza. Kazi hiyo ya kusoma majibu ya maabara na kuandika ripoti ya awali ndiyo tunayopewa sisi tulio mafunzoni. Ikishafanywa na programu, sisi tutafanya nini?"

"Swali zuri sana, dada yangu," alijibu yule mtaalamu, kwa upole na bila kusita. "Ninyi mtasimamia mfumo."

Yakafuata maswali ya bei, ya leseni na ya muda wa matengenezo, kisha kikao kikafungwa. Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikienda na jibu lile kazini na kurudi nalo nyumbani, na bado sijaliona likisimama kwa miguu yake.

Mtu anasimamiaje kazi ambayo hajawahi kuifanya?

## Kazi ya chini

Mimi niko upande wa ulinzi wa mitambo, yaani relei, vifaa vinavyogundua hitilafu, na kila kinachoziamuru breka, zile swichi kubwa, zifunguke na kukata umeme hitilafu inapotokea. Anayeingia kwenye kitengo hiki hupewa kwanza mambo ambayo wakubwa hawana tena hamu nayo: kunakili tarehe na saa za hitilafu, kuchora upya mawimbi ya mkondo na volti, kulinganisha kilomita zilizotajwa na relei na orodha ya minara, na mwisho kuandika sababu. Mara nyingi sababu huandikwa "haijulikani", ikifuatiwa na maneno ambayo kila aliyeshika zamu kwenye kituo cha kupoza umeme anayafahamu: laini imerudishwa, imekaa, yaani umeme umewashwa tena na haukukatika.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa relei ambaye hakuruhusu "haijulikani" ipite mezani kwake. Kulikuwa na laini moja ya pwani iliyokuwa ikitoka, yaani ikijikata, alfajiri, wakati hakuna radi, hakuna upepo na mzigo uko chini kabisa. Nilimletea rekodi zake nikiwa nimekata tamaa. Hakuzitazama. Aliniuliza ni muda gani umepita tangu mvua kubwa iliponyesha upande ule, na kama mlinzi wa kituo aliona manyunyu au umande usiku wa kuamkia hitilafu.

Chumvi ya bahari hukusanyika juu ya vikombe vinavyobeba waya. Mvua kubwa huviosha. Manyunyu na umande hulowesha chumvi tu bila kuiondoa, na chumvi iliyolowa hupitisha umeme. Ndiyo maana laini kama ile huweza kustahimili dhoruba, halafu ikatoka katika utulivu wa alfajiri. Mzee alinituma niende na wapanda minara hadi kwenye kilomita ambazo relei ilikuwa imezitaja, nikaziona kwa macho yangu alama nyeusi za moto kwenye vikombe, mnara kwa mnara.

Tangu wakati huo, nikikutana na rekodi yenye umbo lile, ninaitambua kabla sijashika kalamu.

Hakuna aliyenikalisha darasani kunipa ujuzi huo. Ulikuja ndani ya kazi ya kunakili, kazi ambayo mtu yeyote anayepanga bajeti angeiona kuwa ya kwanza kufaa kupewa mashine.

## Sitetei kazi inayoua

Nimejihoji sana kama hofu hii si mapenzi ya mtu kwa ujana wake. Kazi ya umeme imewachukua watu tuliokula nao sahani moja. Fundi mchundo akipanda nguzo iliyooza chini ya ardhi, au akifungua kabati la msongo wa kilovoti 33 ambalo umeme wake haujakatwa upande wa pili, hapewi nafasi ya kujifunza kutokana na kosa lake. Ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera ya joto, ikimwonyesha kiungo kilichochemka kabla hajapanda, ninaipokea kwa mikono miwili, na sitamsikiliza mtu anayeniambia kwamba hatari ile ilikuwa sehemu ya mafunzo.

Ziko pia kazi ambazo binadamu hakuwahi kuziweza. Bwawa la Julius Nyerere hapa Tanzania, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na kila mtambo ni megawati 235. Kidatu nzima, kituo kilichotubeba tangu mwaka 1975, ni megawati 204. Maana yake ni kwamba mtambo mmoja wa Rufiji ukitoka ghafla ukiwa umebeba mzigo wake wote, gridi imepoteza zaidi ya Kidatu nzima kwa mara moja. Frikwensi huanza kushuka chini ya hezi 50, na hakuna mwongozaji wa gridi, hata awe hodari namna gani, anayeweza kunyanyua simu kwa kasi inayotosha. Relei za kupunguza mzigo ndizo zinazoamua, zikikata baadhi ya laini ili nyingine zipone. Zimefanya hivyo kwa miongo mingi, na sijamwona fundi aliyepungukiwa na kitu kwa sababu yake.

Wala si mara ya kwanza kazi kuondoka. Mita za LUKU, za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilipoanza kuenea katika miaka ya 1990, msoma mita aliyepita nyumba kwa nyumba alianza kutoweka, na malipo ya simu yalipokuja yakampunguza hata aliyekuwa akiuza umeme dirishani. Waliopoteza riziki waliumia, na hilo halipaswi kupitwa haraka kama tunavyozoea kulipita. Lakini njia ya kumpata mtaalamu wa relei au wa transfoma haikupita kwa msoma mita.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Relei ilichukua kazi ambayo mkono wa mtu haukuiweza, na LUKU ikachukua kazi iliyokuwa imesimama peke yake. Programu ya kusoma gesi za transfoma inachukua kitu cha aina nyingine. Haimwondoi mzoefu, kwa sababu mzoefu ataendelea kuitwa pale mashine itakaposita, na huenda heshima yake na mshahara wake vikapanda. Inaondoa lango alilopitia yeye alipokuwa hajui lolote, siku alizokaa akijiuliza kwa nini, kati ya gesi za kwenye mafuta, asetilini imepanda ilhali ethilini imetulia, akaambiwa kwamba ndani ya tangi kuna cheche, akaenda kuona tangi likifunguliwa.

Kwa miaka ya mwanzo hatutaona pengo lolote. Ripoti zitakuwa nyingi na nadhifu kuliko zamani, na wazee wetu bado watakuwepo kuzikagua.

## Alasiri moja ya Ohio

Nilirudi kusoma habari za kukatika kwa umeme kwa tarehe 14 Agosti 2003 huko Marekani na Kanada. Chuoni tulifundishwa tukio lile kama somo la miti na laini. Safari hii nilisoma nikiwatafuta watu waliokuwa kwenye zamu.

Muda mfupi baada ya saa 8:14 mchana, programu ya kengele katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya FirstEnergy, jimboni Ohio, iliacha kufanya kazi. Iliacha kimyakimya. Skrini ziliendelea kuwaka, ila kengele hazikulia tena, na waongozaji hawakuwa na namna ya kujua kwamba hazilii. Kati ya saa 9:05 na saa 9:41 alasiri, laini tatu za msongo wa kilovoti 345 zilitoka moja baada ya nyingine kwa kulegea na kugusa miti. Simu zilipigwa na watu wa nje waliokuwa wakiona mambo yasiyo ya kawaida. Lakini mfumo wa ndani ulikuwa umetulia, na muda mrefu mno ulipita kabla ya waliokuwa chumbani kuziamini simu kuliko skrini. Ilipofika saa 10:10 jioni hitilafu ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya majimbo na ya nchi, na watu wapatao milioni 50 wakakosa umeme.

Wale hawakuwa wanagenzi. Utulivu wa skrini uliwashinda watu wenye uzoefu.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1983, mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alikuwa ameeleza kwamba ukiuachia mtambo kazi za kila siku, unambakishia binadamu zile ngumu peke yake, zinazotokea mara chache, na papo hapo unamnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuzikabili. Aliongeza jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko hayo yote: mifumo ya wakati wake ilionekana salama kwa kuwa waliokuwa wakiisimamia walikuwa wamewahi kuifanya kazi ileile kwa mikono, na kizazi kitakachofuata hakiwezi kutarajiwa kuwa na ujuzi huo.

Sisi tulio kazini leo ndio tunaoifanya akili unde ionekane salama. Tunasahihisha pale inapokosea kwa sababu tulishapita huko. Anayekuja baada yetu tunamkabidhi kiti, hatumkabidhi tulikopita.

## Breka zilizofungwa kwa mikono

Upande mwingine wa jambo hili niliukuta Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015, waongozaji wa kampuni za kusambaza umeme, nyingine zikiwa magharibi mwa nchi hiyo, walishikwa na mshangao walipoona breka za vituo vyao zikifunguliwa kwenye skrini na mkono usiokuwa wao. Wavamizi walikuwa wameingia ndani ya mfumo. Wateja wapatao 225,000 walikatikiwa na umeme katika majira ya baridi, na vifaa vya mawasiliano vya baadhi ya vituo viliharibiwa makusudi ili amri zinazotoka mbali zisifike tena.

Umeme ulirudi baada ya saa chache.

Ulirudi kwa sababu mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda vituoni, wakafunga breka kwa mikono, na kwa muda mrefu baadaye vituo kadhaa viliendelea kuendeshwa hivyo. Vituo vyao vilikuwa bado na sehemu za kufungia kwa mkono, na wao walikuwa bado wanajua kipi kifungwe kabla ya kipi. Ninaposikia ikisemwa kwamba kituo cha kisasa hakihitaji mtu, ninawakumbuka mafundi wale, na ninajiuliza ni wangapi kati ya vijana wetu wangefika kituoni gizani na kujua pa kuanzia.

Swali hilo halitoki mbali nasi. Wakenya hawajasahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na sisi tunaikumbuka Jumatatu ya Pasaka ya tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya Taifa ilipopata hitilafu. Kuiwasha gridi kutoka gizani ni kazi ambayo wasio wa fani hii hawaioni. Huanzwa na mtambo wa maji kwa kuwa unahitaji umeme kidogo ili ujiwashe. Laini moja hupewa umeme, kisha mzigo mdogo, kisha mwingine. Ukiongeza mzigo mwingi kwa mara moja mtambo unatoka na mnaanza upya. Ukichelewa kuongeza mzigo kwenye laini ndefu, volti inapanda hadi inahatarisha vifaa. Katikati ya hayo yote kuna mwongozaji wa gridi na mkuu wa zamu wa kituo wanaozungumza kwa simu, kila mmoja akisikia katika sauti ya mwenzake kama mambo yanakwenda au yanakwama.

Akili unde hujifunza kwa kuona jambo likijirudia mara nyingi. Gridi nzima kuanguka ni jambo linalotokea mara chache, na kila mara huanguka kwa namna yake. Kwa hiyo saa ile tunayoihitaji akili kuliko saa nyingine zote ndiyo saa ambayo mashine ina mifano michache zaidi ya kuegemea, na mwanadamu aliyeketi pembeni yake, kama tumemlea kwa kusimamia tu, atakuwa naye hana.

## Iliyofundishwa na daftari letu

Baada ya kikao nilimfuata yule mtaalamu, nikamwuliza mfumo wake ulifundishwa kwa data za wapi. Alinijibu kwa uaminifu, na ninamshukuru kwa hilo: nyingi ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na zetu zitaongezwa kadiri tutakavyozitoa.

Chukulia makadirio ya mahitaji ya umeme, ambayo ni miongoni mwa kazi ambazo akili unde inazimudu vizuri. Mwezi wa Ramadhani, katika miji ya pwani, jioni haina umbo lake la kawaida: watu wako majumbani kwa futari, baadaye wako misikitini kwa tarawehe, na kabla ya alfajiri taa na majiko huwashwa kwa ajili ya daku, saa ambayo katika miezi mingine watu wamelala. Na Ramadhani haikai mahali pamoja; kila mwaka inatangulia kwa takriban siku 11, ikihama polepole kutoka majira ya joto hadi ya baridi. Mashine iliyopewa tarehe za kalenda ya kawaida peke yake itahangaika na jambo ambalo mwongozaji wa zamu ya usiku analijua bila kufikiri, kwa sababu naye anaamka kula daku.

Linarekebishika, ndiyo. Lakini ni lazima awepo mtu anayejua kwamba kuna cha kurekebisha.

Vivyo hivyo kwa transfoma ya kijijini inayoonekana kupungukiwa na mafuta. Mfumo uliozaliwa katika nchi nyingine utatafuta uvujaji. Fundi wa hapa ataangalia kwanza kama kizibo kimeguswa, kwa kuwa anajua kwamba mafuta ya transfoma huibwa.

Ndipo ninaporudi kwenye daftari la zamu. Tutakapoanza kuilisha mashine kumbukumbu zetu wenyewe, itasoma nini? Itasoma miaka mingi ya "haijulikani", "imerudishwa", "imekaa". Kule ambako mtu aliandika "chumvi kwenye vikombe", aliandika hivyo kwa sababu alipanda au alimtuma mtu apande. Mashine haitapanda. Ujuzi wowote itakaouonyesha kuhusu pwani yetu utakuwa umetoka kwa fundi fulani aliyeona na kuandika, na siku ambayo hatutakuwa na mafundi wa aina hiyo, itabaki na yale ya zamani, wakati laini zinazeeka, miji inapanuka na gridi yetu imeunganishwa na ya Kenya kwa laini ya msongo wa kilovoti 400 inayopita Namanga.

Inanisumbua pia kwamba maandishi hayo ya mafundi, yaliyoandikwa kwa mishahara midogo na usiku mrefu, yanaweza kukusanywa bure, yakaingizwa kwenye programu ya mtu mwingine, kisha tukauziwa tena kwa leseni ya kila mwaka. Katika onyesho lile bei ilizungumzwa kwa kina. Umiliki wa kumbukumbu haukutajwa.

## Olkaria

Mfano unaonipa moyo uko Kenya, upande wa Naivasha. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini pale Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, wakati utaalamu mwingi ulipokuwa ukitoka nje. Wakenya walipelekwa kusoma, wengi wao Aisilandi, kwenye mafunzo ya jotoardhi yaliyoanza mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na wengine Nyuzilandi. Walirudi, wakasimama kwenye mitambo ya kuchimba, wakasoma joto na shinikizo la visima, kimoja baada ya kingine. Leo mvuke wa ardhini unatoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na wachimbaji wa KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, wamepata mikataba ya kuchimba visima Ethiopia na Jibuti.

Kutoka kufundishwa hadi kuajiriwa na majirani ilichukua takriban miaka 40.

Ninajaribu kuwaza kama mwaka 1981 kungekuwa na programu inayosoma takwimu za visima kutoka ng'ambo na kutoa maelekezo ya wapi pachimbwe, na vijana wale wakaambiwa kwamba kazi yao ni kusimamia mfumo. Umeme ungepatikana, pengine kwa haraka zaidi na kwa visima vichache vilivyokosa mvuke. Siamini kwamba wachimbaji wangetoka Naivasha kwenda Jibuti.

Wakati huohuo sioni ubaya wowote leo mhandisi wa Olkaria akitumia akili unde kutabiri kisima kitachoka lini au bomba lipi linaziba kwa madini. Yeye anakijua kisima hicho. Mashine ikimwambia jambo la ajabu, atakunja uso, na kule kukunja uso ndiko kunakozuia ajali. Teknolojia ileile, ikiwekwa mbele ya mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye kisima, inapata mtu wa kubonyeza kitufe cha kukubali.

## Tunachojaribu

Katika kitengo chetu tumeanza utaratibu mmoja, na ninauandika hapa kwa kuwa ningependa kusikia kutoka kwa walio kwenye vituo vingine. Rekodi ya hitilafu ikiingia, aliye mafunzoni huisoma kwanza, kwa karatasi na hesabu zake, na huandika sababu anayoidhania pamoja na kile ambacho angependa kikaguliwe. Ndipo hufungua uchambuzi wa programu. Wakipishana, yeye na mashine, kupishana huko huandikwa, na pale inapowezekana mtu hutumwa kuangalia. Neno "haijulikani" linaruhusiwa, mradi lifuatwe na maelezo ya nini kilitafutwa kikakosekana.

Yapo mambo yaliyonishangaza. Baadhi ya vijana wamekuwa wakali kwa mashine kuliko sisi wakubwa, kwa sababu wameiona ikikosea mbele ya kazi yao wenyewe. Mara nyingine wao ndio waliokosea na mashine ikawa sahihi, na kijana aliyekosea baada ya kujitahidi hujifunza kwa namna ambayo aliyepewa jibu mapema hawezi.

Hata hivyo nina shaka ambayo sijaimaliza. Mimi nilipoipeleka rekodi ya laini ya pwani kwa mzee, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na jibu, na watu walikuwa wakikosa umeme. Uzito huo ulinikamata akili. Kijana wa leo anajua kwamba jibu liko tayari nyuma ya kitufe, na kwamba tunamzuia asilione kwa ajili ya manufaa yake. Je, mtu anaweza kujifunza kwa kina ile ile akijua kwamba jitihada yake haihitajiki na mtu yeyote usiku ule? Rubani hufanya mazoezi kwenye chumba cha kuigiza, akatoka akiwa rubani wa kweli, kwa hiyo huenda inawezekana. Lakini rubani pia hupewa ndege. Ndiyo maana nimeomba kwamba, mara kwa mara na kwa tahadhari zote, zamu nzima iendeshe kituo bila skrini, breka zifungwe kwa mikono, na mawasiliano na gridi yafanywe kwa simu. Mpango huo haujaidhinishwa, na pingamizi ninalolisikia zaidi linahusu fedha.

Pingamizi hilo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Kijana hutumia saa tatu kwa jambo ambalo programu hulimaliza papo hapo, na mzee anayemsimamia analipwa kwa saa hizo pia. Zamani gharama hiyo haikuonekana kwa sababu kazi na mafunzo vilikuwa kitu kimoja. Ripoti ilihitajika, na katika kuiandika mtu alifundishwa. Akili unde imevitenganisha. Ripoti sasa inapatikana kwa bei ndogo, na mafunzo yamebaki peke yake mbele ya mkaguzi wa hesabu, yakionekana kama anasa.

Kampuni ya umeme inapokwenda EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati hapa kwetu, kuomba bei, na kwa jirani zetu wa Kenya inapokwenda EPRA, huleta gharama zake za uzalishaji, za matengenezo ya mitambo na za mishahara, na mdhibiti hupima ipi ni halali kubebwa na mteja. Ninapendekeza saa za kumlea fundi sanifu ziwe na mstari wao katika hesabu hizo, upande wa matengenezo, karibu na mafuta ya transfoma na vikombe. Ninapendekeza vilevile kwamba mkataba wowote wa programu za namna hii ueleze kumbukumbu za hitilafu ni mali ya nani, zitahifadhiwa wapi, na kwamba nakala za kumbukumbu hizo zisomeke hata siku leseni itakapokwisha. Rasimu ya mambo hayo mawili iko mezani kwangu pamoja na hesabu ya saa ambazo vijana wa kitengo chetu wanazitumia kusoma rekodi, na ninakusudia kuipeleka kwa wakuu wangu kabla bajeti haijafungwa.